Jinsi ya Kujitayarisha Kumweleza Mtoto na Jirani Maneno ya Siasa

Kila mkulima ajua kwamba shamba halilimwi siku mvua inapoanza kunyesha. Ardhi hulimwa mapema, mbegu hununuliwa mapema, na mbolea huwekwa ghalani kabla mwezi wa Machi haujaisha. Mtu anayengoja mpaka mawingu yakusanyike ndipo aanze kutafuta trekta, huyo hupanda mwezi wa Mei, na wakati wa kuvuna huwalaumu wengine. Kueleza mambo ya siasa ni kazi ya namna hiyo hiyo. Watu wengi hungoja mpaka mtoto aulize, au mpaka jirani aje na habari ya kutisha, ndipo waanze kutafuta maneno. Na maneno yatafutwayo kwa haraka mara nyingi hayawi ya kweli.

Makala hii ni ya wakulima wa skimu za Uasin Gishu na za jirani, upande wa Turbo, Soy, Moiben, Burnt Forest na Lugari. Yaeleza jinsi mzazi au jirani awezavyo kujitayarisha ili, akiulizwa neno la serikali, ajibu kwa maneno machache yaliyo wazi na yasiyoleta ugomvi. Tutachukua neno moja tu liwe mfano, nalo ni ugatuzi. Aliyefahamu kulieleza neno hilo ataweza kueleza na mengine.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU SISI WA SKIMU

Skimu zetu hazikukaliwa na ukoo mmoja. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, serikali ilinunua mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, ikayakata vipande, na kuwapa wakulima Waafrika kwa mkopo. Baadaye makampuni na vyama vya ushirika vilinunua mashamba mengine, wakagawana wanachama. Hivyo leo ukisimama kwenye mpaka wa shamba lako waweza kuwa na jirani Mnandi upande huu, Mkikuyu upande wa pili, Mluhya ng'ambo ya mto, na Mkeiyo juu kidogo. Josho ni moja, kijito ni kimoja, na shule ya watoto ni moja. Neno la siasa likielezwa vibaya katika nyumba moja, halikai ndani ya nyumba hiyo. Asubuhi watoto huenda nalo shuleni, na jioni laingia katika nyumba kumi.

Tena twajua hasara ya maneno yasiyoelezwa. Wakati wa uhuru, mwaka 1963, walikuwako watu walioamini kwamba uhuru maana yake ni mashamba ya bure. Waliopata vipande katika skimu walipotia sahihi karatasi za mkopo ndipo wakafahamu kwamba ardhi ilikuwa na bei yake, na kwamba fedha hizo zilipaswa kurudishwa katika mfuko wa serikali wa makazi. Wengi walichelewa kulipa, na wengine waliwaachia watoto wao shamba pamoja na deni. Kama mtu angalikaa nao mapema akawaeleza neno moja moja, wangalipanga mazao yao kwa hesabu nyingine.

NENO MAJIMBO NA SAFARI YAKE

Kabla ya kueleza ugatuzi hatuna budi kulitazama neno lililolitangulia, yaani majimbo, maana wazee wengi husikia ugatuzi na kufikiri ni majimbo yaliyobadilishwa jina.

Neno jimbo lenyewe halina ubaya wowote. Tanzania jimbo ni eneo la kumchagua mbunge. Kongo jimbo ni sehemu kubwa ya nchi yenye mkuu wake. Hapa Kenya neno hilo lilipata nguvu baada ya mwaka 1960, vyama vya KANU na KADU vilipoundwa. KADU, chama cha akina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kilitaka nchi iwe na majimbo yenye mabaraza yake, ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. KANU kilitaka serikali moja yenye nguvu. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1963 ilikuwa na majimbo 7 pamoja na eneo la Nairobi. Haikudumu. KADU kilijivunja mwezi wa Novemba 1964, na nchi ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, majimbo yalikwisha nguvu, yakawa mikoa iliyotawaliwa kutoka Nairobi.

Lakini neno halikufa. Mwaka 1991, wakati watu walipodai vyama vingi, lilisikika tena katika mikutano ya Bonde la Ufa, na safari hii baadhi ya wasemaji walilitia maana nyingine kabisa: kwamba kila mtu arudi alikotoka babu yake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mapigano yalianza katika shamba la Miteitei, upande wa Tinderet, yakaenea sehemu nyingi. Katika kampeni za mwaka 2007 neno majimbo lilirudi mara ya tatu. Mtu mmoja alilisikia akafikiri, "Sasa fedha za serikali zitakaribia kijijini." Jirani yake alilisikia lile lile akafikiri, "Sasa nitafukuzwa." Wote wawili walisikiliza mkutano mmoja, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe amefahamu nini.

Yaliyofuata baada ya matokeo ya kura kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007 twayakumbuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mamia ya maelfu walihama makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret, mahali tulipozoea kupeleka ng'ombe na mahindi bora, ulijaa mahema. Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililoleta hayo yote. Palikuwa na ugomvi wa kura, wa ardhi, na uchochezi wa watu wenye nia mbaya. Lakini neno lisilofahamika ni kama nyasi kavu: si lenyewe linalowasha moto, ila moto ukija hulikuta tayari.

HATUA ZA KUJITAYARISHA

1. Andika lengo lako kwa sentensi moja.

Sisi tuliopita katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuandika lengo la somo juu ya karatasi kabla ya kuingia darasani. Fanya vivyo hivyo. Kwa mfano andika: "Nataka mtoto wangu ajue ni kazi zipi za kaunti na ni zipi za serikali ya taifa, ili akiona zahanati haina dawa ajue ni nani wa kuulizwa." Hilo ni lengo jema, kwa kuwa waweza kumpima mtoto baadaye ukaona amefahamu au la. Bali ukiandika, "Nataka mtoto achukie chama fulani," hilo si somo. Ni kupanda magugu katika shamba lako mwenyewe.

2. Soma maandishi yenyewe.

Usitosheke na lililosemwa sokoni. Katiba ya Kenya ilipigiwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, kijani kikiwa alama ya Ndiyo na nyekundu alama ya La, na ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 174 kinataja makusudi ya ugatuzi, na mojawapo ni kuwapa wananchi uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Jedwali la Nne, lililo mwishoni, linagawanya kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti 47. Msomaji wa kawaida atahitaji jioni moja tu kulisoma jedwali hilo, nalo litamwepusha na mabishano ya mwaka mzima. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wake wa shule amsomee, na wote wawili watafaidika.

3. Tenga sheria, muswada, ahadi na uvumi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Sheria ni jambo lililokwisha kupitishwa na kutiwa sahihi. Muswada ni pendekezo lililo mbele ya Bunge, nalo laweza kubadilishwa au kukataliwa. Ahadi ni neno la mtu anayeomba kura. Uvumi hauna mwenyewe.

Tazama mfano wa Muswada wa Fedha wa mwaka 2024. Ulikuwa na pendekezo la kutoza mkate kodi ya asilimia 16, na jingine la kodi ya magari ya asilimia 2.5. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba mapendekezo hayo mawili yameondolewa. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha muswada uliobaki, na kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Kwa hiyo mtu aliyesema mwezi wa Mei, "Mkate umetozwa kodi," hakusema kweli, maana lilikuwa pendekezo tu. Na aliyesema mwisho wa Juni, "Mkate utatozwa," hakusema kweli pia. Katika siku hizo vijana wengi walikaa na kuufasiri muswada huo kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani ili wazazi wao waufahamu, na hiyo ilikuwa kazi njema ya raia. Siku hizo hizo makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano. Basi maneno haya si mchezo, na mtu anayeyaeleza hana budi kuwa na hakika ya tarehe na ya hatua iliyofikiwa.

4. Tafuta kitu anachokijua msikilizaji.

Mwalimu mwema huanza na kinachojulikana, kisha huenda kwenye kisichojulikana. Sisi wakulima tunacho kitu cha kuanzia, nacho ni chama cha ushirika. Kila mwanachama apelekaye maziwa ajua kwamba chama kina kamati iliyochaguliwa, kina mhasibu, kina mkaguzi wa hesabu, na kina mkutano mkuu wa mwaka ambapo mwanachama aweza kusimama na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Serikali ya kaunti ina mambo kama hayo: ina gavana aliyechaguliwa, ina baraza la wawakilishi wa wadi, ina hesabu zinazokaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa taifa, na sheria yawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni.

Lakini mfano una mwisho wake, na yafaa umwambie msikilizaji mwisho huo. Katika ushirika mtu aweza kujitoa akaacha kukatwa fedha. Kodi ya nchi haina kujitoa. Ndiyo sababu ya kuangalia matumizi yake kwa makini zaidi.

5. Jifunze maneno ya upande wa pili.

Usieleze jambo lolote mpaka uwe umeweza kulisema neno la mpinzani wako vizuri kama alisemavyo yeye. Wapendao ugatuzi husema kwamba fedha zimefika mahali ambapo zamani hazikufika, na kwamba gavana yu karibu kuliko waziri wa Nairobi. Wasioupenda husema kwamba mishahara ya viongozi imekuwa mingi, na kwamba wizi uliokuwa Nairobi umepata ndugu zake katika kaunti. Pande zote mbili zina watu wenye akili. Mtoto akisikia pande zote kwako, atakuamini. Akisikia upande mmoja tu, ataupata wa pili kwa mwingine, naye atajiuliza kwa nini ulimficha.

6. Jaribu kwa sauti.

Mweleze mkeo, au mumeo, wakati mnapokamua au mnapopukuchua mahindi. Kisha mwambie arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akikwama mahali, si yeye aliyekosa. Hapo ndipo maelezo yako hayajaiva.

MFANO WA KWANZA: MTOTO WA SHULE

Tuseme mtoto wa Gredi ya 6 amerudi nyumbani, naye amwuliza mama yake. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Mama, ugatuzi ni nini?"

"Ni kugawanya kazi, mwanangu. Hapa nyumbani ni nani anayefunga ndama?"

"Ni mimi."

"Na ni nani anayelipa karo ya dada yako?"

"Ni wewe na baba."

"Je, wewe ungengoja baba arudi kutoka Eldoret ndipo ndama afungwe?"

"La, angeshiba maziwa yote."

"Basi nchi nayo ni hivyo. Kazi nyingine ni nzito, zafanywa na serikali ya taifa, kama jeshi, polisi, na shule yako. Kazi nyingine zafaa zifanywe na watu walio karibu, kama zahanati, josho, na barabara hii ya kwenda sokoni. Hizo ni za kaunti."

"Na kama kaunti haifanyi kazi?"

"Wewe usipofunga ndama mimi hufanya nini?"

"Huniuliza mbele ya baba."

"Basi sisi nasi twamwuliza mwakilishi wa wadi mbele ya watu wote, na baada ya miaka mitano twaweza kuchagua mwingine."

Mazungumzo hayo ni mafupi, na mtoto ndiye aliyejibu maswali mengi. Usimpe hotuba. Mtoto wa miaka 11 au 12 hushika mambo matatu. Ukimpa kumi atashika moja, na pengine lisilofaa.

MFANO WA PILI: MZEE ALIYEYAONA YA ZAMANI

Mzee hana haja ya kufundishwa kama mtoto. Ameona mengi, na mara nyingi woga wake una sababu. Kwa hiyo anza kwa kumwuliza, "Mzee, wewe ulisikia majimbo mwaka 1963, au ulisimuliwa na baba. Walielezwaje?" Mwache aseme mpaka amalize. Kisha mwonyeshe tofauti moja moja:

Kwanza, majimbo ya mwaka 1963 yalikuwa 7, lakini kaunti ni 47.

Pili, majimbo yalikwisha baada ya muda mfupi, kabla ya wananchi kuyazoea. Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, na zimekwisha kuona chaguzi nyingine mwaka 2017 na 2022.

Tatu, fedha za kaunti zimewekewa kiwango katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 203 chasema kwamba kaunti zote pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Yaani katika kila shilingi 100 za hesabu hiyo, zisipungue 15.

Mzee akisema, "Haya ni yale yale," usimbishie. Sema, "Yawezekana, mzee, tutazame pamoja." Mzee aliyeheshimiwa hufikiri usiku, na kesho hurudi na swali jingine.

MFANO WA TATU: JIRANI WA KABILA LINGINE

Huyu ndiye wa muhimu kuliko wote katika skimu, na ndiye tunayemsahau. Swali lake mara nyingi halisemwi kwa kinywa. Huuliza juu ya barabara au mbolea, lakini moyoni auliza, "Je, hapa nitakaa?"

Mjibu swali lile la moyoni, tena mjibu kwa maandishi, si kwa huruma tu. Katiba hiyo hiyo iliyoleta kaunti yasema katika kifungu cha 39 kwamba kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kukaa mahali popote nchini Kenya. Na kifungu cha 40 kinasema kwamba mtu ana haki ya kupata na kumiliki mali katika sehemu yoyote ya nchi. Kaunti haina mamlaka ya kumwondolea raia haki hizo. Ugatuzi wagawanya kazi na fedha za serikali, haugawanyi watu. Mpiga kura wa Uasin Gishu ni yule aliyejiandikisha hapa, awe amezaliwa Ziwa, Nyeri au Kisii.

Kisha waeleze watoto wako maneno hayo hayo uliyomweleza jirani. Mtu akisema neno moja mezani kwake na jingine mpakani kwa jirani, watoto huwa wa kwanza kujua.

NI NANI WA KUULIZWA?

Karani wa ofisi ya kilimo huwaona watu wengi waliofunga safari bure. Mmoja aja kuuliza juu ya karo ya sekondari, mwingine juu ya daraja la barabara kuu, na mwingine amekwenda kwa chifu kwa sababu josho halina dawa. Si kosa lao, hawakuelezwa. Kata orodha hii uibandike ukutani:

Kazi za kaunti: mabwana shamba na mafundisho ya kilimo, majosho na kuzuia magonjwa ya mifugo na mimea, minada ya mifugo na masoko, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, shule za watoto wadogo na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Kazi za serikali ya taifa: sera ya kilimo, shule za msingi na za sekondari na vyuo vikuu, hospitali kuu za rufaa, kama ile ya Moi mjini Eldoret, barabara kuu, kama ile itokayo Nakuru kupitia Eldoret hadi Malaba, polisi na usalama. Machifu ni watumishi wa serikali ya taifa, na maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao ni ya taifa pia.

Kaunti yetu ina wadi 30, na kila wadi ina mwakilishi wake. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa juu ya josho.

KALENDA YA FEDHA

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya tarehe 30 Aprili makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa katika baraza la kaunti, na kabla ya tarehe 30 Juni hupaswa kupitishwa. Angalia jambo hili: ni wakati ule ule ambapo sisi tumeinama shambani tukipanda na kupalilia. Mkulima anayeinua kichwa mwezi wa Oktoba, akiwa na mahindi mkononi, kuuliza kwa nini barabara haikuwekewa fedha, amechelewa miezi mingi. Basi katika kila nyumba mtu mmoja na awe na kazi ya kuuliza siku ya mkutano wa maoni ya wananchi. Anaweza kuwa kijana aliyemaliza shule. Akirudi, awaeleze wengine jioni hiyo hiyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya elimu ya uraia, kwa hiyo mwananchi anayeomba kuelezwa haombi fadhili, aomba haki yake.

MAMBO YA KUEPUKA

Usieleze siasa kwenye pombe, wala matangani, wala usiku wa kutangazwa kura. Masikio ya watu nyakati hizo hayako tayari.

Usitumie jina la kabila mahali pa jina la chama au la mtu. Ukisema "wao walifanya," mtoto atauliza "wao" ni akina nani, nawe utakuwa umemwonyesha mtoto wa jirani.

Usipeleke habari ya simu kwa mwingine kabla ya kujua imetoka kwa nani na ni ya tarehe gani. Picha ya zamani hutumwa mara nyingi kana kwamba ni ya leo.

Usione haya kusema, "Sijui, nitatazama." Mwalimu asemaye hivyo, kisha akatazama kweli na kurudi na jibu siku ya tatu, amemfundisha mtoto mambo mawili kwa mara moja.

Tena sema taratibu. Katika Kiswahili cha zamani neno siasa lilikuwa na maana nyingine pia, maana ya upole na uangalifu. Kusema na mtu kwa siasa kulikuwa ni kusema naye bila kumkurupusha. Maana hiyo yafaa irudi nyumbani kwetu.

Uchaguzi mkuu, kwa Katiba, hufanywa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Mwezi huo mahindi yetu huwa yamesimama shambani, hayajakauka, na hakuna awezaye kuyahamisha. Mwenye shamba hamwezi kukimbia shamba lake, wala jirani yake. Kwa hiyo msingoje Agosti. Anzeni mwezi huu, na neno moja, jioni moja, kwa mtoto mmoja. Wiki ifuatayo mwulize mtoto huyo alieleze neno lile kwa nduguye mdogo, nanyi mtajua kama mbegu imeota.